Matairi na Rimu za Kroula ya Rimoti: Mshiko Unatoka Wapi

Mwenye kroula ya rimoti, yaani gari dogo la kupanda miamba, huanza kubadilisha matairi kabla ya kitu kingine chochote, na hakosei. Kwa fedha ileile hakuna kifaa kinachogeuza tabia ya gari kama tairi. Si mota, si shokapu, si betri. Kosa huja hatua inayofuata. Tairi huchaguliwa kwa picha ya kashata zake, yaani vinundu vya mpira vya usoni pake, likafungwa kwenye rimu yoyote iliyopo, na sponji iliyokuja ndani ya pakiti ikaachwa ilivyo. Gari likirudi kwenye jiwe linateleza kuliko lilivyoteleza na matairi ya kiwandani, na lawama zote zinaangukia mpira.

Tairi la kroula halijazwi upepo. Ndani yake mna sponji, na kwenye rimu kuna tundu dogo la kupumulia. Uzito wa gari unapolikandamiza tairi juu ya jiwe, mpira hujikunja kufuata umbo la jiwe, na sponji ndiyo inayoamua ujikunje kiasi gani na urudi kwa kasi gani. Kashata huingia kazini baada ya hapo. Ndiyo maana tairi la kawaida lenye sponji sahihi hulishinda tairi la bei mbaya lililojazwa sponji ngumu. Kila marekebisho yanayoelezwa hapa yapimwe kwa maswali mawili: je, yanalisaidia tairi kukunjika pale linapogusa jiwe? Na je, yanaliacha lisimame imara gari linapokatisha mteremko kwa ubavu? Mara nyingi ukiliongeza la kwanza unalipunguza la pili, na fundi mzuri ni yule anayejua aishie wapi.

Vipimo vya kuchukua kabla ya kulipa

Namba kubwa kwenye pakiti, kama 1.9 au 2.2, ni kipenyo cha rimu kwa inchi, pale mdomo wa tairi unapokaa. Haisemi lolote kuhusu kimo cha tairi. Rimu ya 1.9 ni kama milimita 48, ya 2.2 ni 56, ya 1.55 ni 39 na ya 1.0 ni 25. Magari ya kipimo cha 1/10 kama Traxxas TRX-4 hutumia 1.9, yale madogo, Axial SCX24 la 1/24 na Traxxas TRX-4M la 1/18, hutumia 1.0. Matairi mawili ya 1.9 yanaweza kupishana kimo kwa zaidi ya sentimita mbili, moja likiwa na milimita 98 na jingine 120, na yote yakaingia kwenye rimu moja bila shida.

Kipenyo cha rimu kina maana kwenye mwamba kwa sababu ndicho kinachoamua ubavu wa tairi una urefu gani. Chukua tairi la kimo cha milimita 108. Kwenye rimu ya 1.55 ubavu unabaki kama milimita 34, kwenye 1.9 unabaki 30, kwenye 2.2 unabaki 26. Ubavu mrefu hukunjika zaidi na kushika zaidi, lakini huyumba gari likiinama upande. Rimu kubwa hupendeza kwenye picha na huacha nafasi ya kuweka vipande vya uzito ndani, ila inakula mpira unaofanya kazi.

Kimo nacho kina gharama ambayo wengi huisahau. Ukitoka tairi la milimita 108 kwenda la 120, ekseli inapanda milimita 6 tu kutoka ardhini, kwa kuwa nusu tu ya ongezeko ndiyo inayohesabika. Lakini ili kutoa msukumo uleule, nguvu ya kuzungusha inayohitajika kwenye ekseli imeongezeka kwa asilimia 11. Mota itachemka, na gari litakuwa gumu kulitembeza polepole, jambo ambalo ndilo roho ya mchezo huu. Dawa ni kupunguza meno ya pinioni, ile gia ndogo ya mota, kwa kiasi hichohicho. Aliyekuwa na pinioni ya meno 13 hesabu inampeleka kwenye 11.7, kwa hiyo 12 inakaribia, na 11 ni bora zaidi kama mota ilikuwa ikichemka tangu mwanzo. Pima pia nafasi: kunja stelingi hadi mwisho, bonyeza shokapu ya upande mmoja mpaka chini na uachie ya upande wa pili ining'inie, kisha tazama tairi linagusa wapi. Mara nyingi hugusa nyuma ya bampa la mbele au kwenye vipandio vya pembeni. Gari likiwa limesimama sawa mezani huwezi kuliona hilo.

Upana wa tairi usomwe pamoja na upana wa rimu. Rimu nyembamba kuliko tairi huufanya uso wa tairi uviringe na ubavu utune nje. Tairi linakunjika kirahisi na kashata za pembeni hunasa kingo za jiwe. Rimu pana hulinyoosha tairi, uso unakuwa bapa, na ubavu unavutwa mpaka unakosa pa kukunjikia. Kwenye miamba, ukiwa huna uhakika, rimu nyembamba kidogo ndiyo chaguo salama.

Kipimo cha mwisho ni heksi, kile kipande cha pembe sita kinachoingia nyuma ya rimu. Magari mengi ya 1/10 hutumia heksi ya milimita 12. SCX24 na TRX-4M hutumia ya 7. Heksi za plastiki za kiwandani huchakaa pembe zake ukishaongeza uzito na mpira wenye mshiko, na dalili yake ni mlio wa "tak" gari linapoanza kuvuta huku gurudumu likichelewa. Weka za alumini zenye skrubu ya kubana kwenye ekseli, na hakikisha kipini kinachopita kwenye ekseli kimekaa ndani ya mfereji wake kabla ya kusukuma rimu. Kipini kikikaa upande, rimu itaonekana imefungwa vizuri lakini itazunguka ikiyumba. Nati ya gurudumu kwa magari ya 1/10 kwa kawaida ni M4 yenye pete ya nailoni, inayofunguliwa kwa spana ya 7. Ikishafunguliwa na kufungwa mara nyingi nailoni hulegea. Ukiweza kuizungusha kwa vidole, itupe.

Ofseti

Ofseti ni umbali kati ya uso wa rimu unaokalia heksi na mstari wa katikati wa upana wa rimu. Rimu ikisogea nje milimita 5 kila upande, gari linapanuka milimita 10. Faida yake ni uthabiti kwenye mteremko wa ubavu, na gari jembamba lenye bodi ndefu linauhitaji.

Hasara zake ziko mbele. Gurudumu hugeuka kwa kuzunguka pini za nakoli, kile kipande kinachobeba gurudumu la mbele na kugeuka nalo, na kadiri tairi linavyokaa mbali na pini hizo ndivyo linavyochora duara kubwa badala ya kugeukia palepale. Matokeo yake servo, ile mota ndogo inayogeuza stelingi, hupambana na jiwe kwa mkono mrefu, beringi za nje huchoka mapema, na tairi hukwangua matao ya bodi hata kama kimo hakijabadilika. Mtu anayelalamika kwamba servo yake "haina nguvu" mara tu baada ya kubadilisha rimu aanze kutazama hapa. Kwenye ekseli zenye gia za kushusha kwenye habu, kama za TRX-4, rimu za kiwandani zimetengenezwa kwa kuhesabu upana wa nyumba ya gia hizo. Ukifunga rimu za ekseli ya kawaida bila kupima, ama rimu itasugua nyumba ya gia, ama gari litapanuka kuliko ulivyotaka.

Baadhi ya watengenezaji wametenga habu na rimu ili ofseti ibadilishwe bila kununua rimu mpya. Mfumo wa SLW wa Vanquish ni mfano mzuri: unanunua habu fupi au ndefu na kuifunga kwa skrubu ndani ya rimu ileile. Kwa anayejaribu bodi tofauti juu ya chesi moja, hapa fedha haipotei.

Gundi au bidiloki

Rimu za gundi ni nyepesi, rahisi, na hazina skrubu za kulegea. Lakini mtu anayetaka kujaribu sponji hawezi kuishi nazo, kwa sababu kila jaribio ni kubandua na kubandika. Bidiloki, yaani rimu yenye pete zinazobana mdomo wa tairi kwa skrubu, hukuruhusu kufungua na kufunga tairi hilohilo utakavyo. Kwa ushauri wa moja kwa moja: kama una fedha ya kitu kimoja tu, nunua bidiloki kwanza na uendelee na matairi ya kiwandani huku ukicheza na sponji.

Namna ya kufunga bidiloki ni hii. Osha tairi jipya kwa maji ya vuguvugu na sabuni, kwa sababu hutoka kiwandani likiwa na mafuta ya kulitolea kwenye kalibu. Likaushe. Ingiza sponji, kisha zungusha kidole ndani kote kuhakikisha haikujikunja mahali. Mkunjo mmoja wa sponji huleta nundu utakayoihangaikia bila kujua chanzo. Kalisha mdomo wa tairi ndani ya mfereji wa rimu kwa mzunguko wote kabla ya kuweka pete. Weka skrubu tatu kwanza, kwa umbo la pembetatu, uzikaze nusu tu. Ongeza zilizobaki, kisha kaza kwa kuruka upande hadi upande, nusu mzunguko kila mara, mpaka pete ikae sawa. Tazama mwanya kati ya pete na rimu: ukiwa mpana upande mmoja, mdomo wa tairi umetoka kwenye mfereji upande ule. Legeza, sukuma mpira kwa kijiti butu, kaza tena.

Skrubu za pete mara nyingi ni M2, na hufunguliwa kwa alenkii ya milimita 1.5. Ni ndogo, na kichwa chake huliwa haraka na alenkii iliyochakaa. Mdomo wa tairi ukiwa mnene na skrubu hazifiki, tafuta skrubu ndefu zaidi kwa milimita 2 uanze nazo kuvuta pete, halafu zibadilishe moja moja. Kulazimisha skrubu fupi ishike kwa hesi mbili tu ndiyo njia ya uhakika ya kuua hesi za alumini. Gundi ya kufungia hesi ya bluu inafaa pale chuma kinapokutana na chuma. Isiguse plastiki: baadhi ya plastiki za rimu hupasuka nyufa ndogondogo zikikutana nayo, na ufa hauonekani siku hiyo hiyo.

Kwa rimu za gundi, safisha mdomo wa tairi na ukingo wa rimu kwa spiriti, kwaruza ukingo huo kwa msasa laini, kalisha tairi, kisha vuta mpira kidogo na udondoshe supaglu nyepesi tone moja moja. Itajisambaza yenyewe. Gundi nyingi haiongezi nguvu. Inamwagika ubavuni na kukausha mpira mpaka ukatike hapo. Zungushia raba bendi kwenye ukingo mpaka ikauke, halafu fanya upande wa pili.

Kubandua kunawezekana. Chemsha gurudumu zima kwenye maji kwa dakika ishirini hadi thelathini, litoe kwa koleo, na uanze kuvuta mpira likiwa bado la moto huku umevaa glavu nene. Gundi hulegea kwa joto na unyevu. Sufuria hiyo isirudi jikoni, na madirisha yawe wazi kwa sababu ya harufu. Wengine huloweka kwenye asetoni. Njia hiyo inafaa kwa rimu za nailoni au za chuma, lakini rimu za plastiki ya ABS zitayeyuka mbele ya macho yako.

Sponji

Kuna aina mbili. Sponji ya vishimo wazi hupitisha hewa na maji, ni laini, na hurudi polepole. Sponji ya vishimo vilivyofungika haipitishi, ni ngumu zaidi, na hurudi haraka. Matairi mengi ya kiwandani huja na ya kwanza, kipande kimoja, ugumu mmoja. Sponji bora za kununua pembeni zina sehemu mbili: pete ngumu ya ndani inayokaa juu ya rimu, na pete laini ya nje inayogusa mpira. Pro-Line huuza za namna hii, na Crawler Innovations ya Marekani inauza zake kwa jina la Deuce's Wild. Mantiki yake ni ya lile pambano la maswali mawili: pete laini hukunjika kwenye jiwe dogo, na uzito ukiegemea upande, pete ngumu inazuia rimu isizame mpaka ubavu ukalala chini yake.

Ukubwa wa sponji unaharibu mambo kimyakimya. Ikiwa na kipenyo kikubwa mno, inasukuma katikati ya uso wa tairi nje. Tairi linakuwa na tumbo na kugusa kwa mstari mwembamba. Ikiwa ndogo mno, tairi linazunguka na kuhama juu ya sponji, na gari likiwa kwenye mteremko tairi linakunjika ghafla mpaka rimu inagonga jiwe. Ikiwa nyembamba kuliko nafasi ya ndani, mabega ya tairi hayana kitu nyuma yake, na mabega ndiyo yanayonasa kingo.

Kipimo kizuri hakihitaji kifaa cha bei. Paka chaki nyingi kwenye kashata, shusha gari zima kwa uzito wake kwenye karatasi ya manila nyeusi iliyotandazwa juu ya sakafu ngumu, liinue moja kwa moja, na utazame alama. Mstari wa katikati pekee unaonyesha sponji ngumu au kubwa mno. Alama mbili za pembeni na tundu katikati zinaonyesha sponji laini au ndogo mno, au rimu iliyo pana kupita kiasi. Unachotafuta ni alama iliyojaa, yenye safu mbili hadi tatu za kashata kwa urefu. Rudia kwa tairi la nyuma: uzito wa mbele na wa nyuma haulingani, kwa hiyo sponji moja kwa magurudumu yote manne ni mapatano tu. Kwa gari lenye uzito mwingi mbele, mbele hustahimili sponji ngumu kidogo, wakati nyuma huhitaji laini zaidi ili uzito mdogo ulioko huko uweze kulikunja tairi.

Sponji ngumu inaweza kulainishwa bila kununua nyingine. Kata vipande vya umbo la V kuzunguka ukingo wa nje, vinane hadi kumi kwa umbali sawa, kina kisizidi nusu ya unene wa sponji. Anza na kina kidogo, funga, pima kwa chaki, fungua, ongeza. Sponji iliyokatwa hairudi. Kupunguza kipenyo ni kazi nyingine: ibane kati ya washa mbili pana kwenye boliti ndefu, ishike kwa drili, izungushe taratibu na uiguse kwa msasa mkali. Mkasi hautatoa duara kamwe.

Kisha tundu la kupumulia. Tairi likikunjwa, hewa lazima itoke. Likirudi, lazima iingie. Rimu isiyo na tundu huligeuza tairi kuwa puto, nalo hudunda juu ya jiwe badala ya kulala juu yake. Tundu moja la milimita 2 kwenye rimu linatosha. Ubaya wake ni mto. Ukivuka maji, sponji ya vishimo wazi inakunywa, na magurudumu manne yaliyolowa hubadilisha uzito wa gari kwa kiasi utakachokisikia kwenye mota. Anayepita majini mara kwa mara azibe tundu la rimu na atoboe matundu matatu ya milimita 2 hadi 3 kwenye uso wa tairi, katikati ya kashata, kwa umbali sawa. Maji huingia, lakini kila mzunguko tundu moja huja chini na kuyatoa. Tumia kitoboleo cha ngozi chenye mdomo wa duara. Tundu la kisu lina pembe, na ufa huanzia kwenye pembe.

Uzito ndani ya gurudumu

Uzito uliowekwa chini na mbele husaidia kupanda, kwa sababu gari likielekea juu uzito wote hukimbilia nyuma na tairi la mbele hubaki linaelea. Wengi hulenga mbele pabebe kama asilimia 60. Pima kwa mizani ya jikoni: magurudumu ya mbele juu ya mizani, ya nyuma juu ya ubao wa kimo kilekile. Gari la gramu 2,800 lingesoma 1,680 mbele.

Njia ya bei nafuu ni vipande vya risasi vya kubandika, kama vile vya kusawazishia magurudumu ya magari makubwa, vya gramu 5 au 7. Safisha ndani ya rimu kwa spiriti, bandika duara zima kwa idadi sawa kila gurudumu, kisha zungushia utepe wa umeme juu yake. Vipande 12 vya gramu 7 vinatoa gramu 84. Nawa mikono baada ya kushika risasi. Njia ya gharama ni rimu, pete au habu za brasi, yaani shaba ya manjano, ambazo hazibanduki na huacha nafasi ya sponji ilivyo.

Usiongeze kwa pupa. Kwenye mwendo wa kroula uzito unaozunguka haulemei sana kuanza na kusimama, lakini kuna wakati mmoja mbaya: gurudumu lililonasa linaachiwa ghafla, linazunguka kwa kasi hewani, kisha linashika jiwe. Uzito wote huo unaishia kwenye jointi za ekseli ya mbele, nazo hukatika. Kama jointi ni za plastiki au chuma laini cha kiwandani, peleka sehemu ya uzito kwenye nakoli au kifuniko cha difu cha brasi. Viko chini vilevile lakini havizunguki. Kwa SCX24, ambalo gari zima halifiki nusu kilo, rimu za brasi mbele huleta tofauti ya papo hapo, na pia ndizo zinazoibua udhaifu wa servo yake ndogo. Nyuma acha rimu nyepesi.

Mpira wenyewe, na kuuchanja

Watengenezaji huuza tairi lenye sura moja kwa mpira wa ulaini tofauti. Hyrax la Pro-Line, kwa mfano, linapatikana kwa mchanganyiko wa G8 na kwa Predator, na Predator ni laini zaidi. Mpira laini hushika mwamba mkavu na laini kwa uso, lakini hukatika kwenye ncha kali na kuisha haraka kwenye zege. Jiwe lako liamue. Granaiti iliyoviringwa kama ile ya Mwanza inaupenda mpira laini. Mawe ya matumbawe ya pwani yanautafuna. Huko mpira wa kati wenye sponji laini hudumu zaidi na haupotezi mengi.

Tairi jipya linang'aa, na mng'ao huo unateleza. Sugua uso wote kwa msasa wa namba 80 mpaka rangi iwe ya kijivu, na kata vinywele vya mpira vilivyobaki vya kalibu.

Kuchanja ni kukata mistari myembamba juu ya kashata ili kila moja igawanyike na kukunjika kivyake. Mistari inayokatisha, kutoka ubavu hadi ubavu, huongeza mshiko wa kwenda mbele. Inayofuata mwendo wa tairi husaidia gari lisiteleze pembeni. Tumia wembe mpya na maji ya sabuni, kina kisizidi nusu ya kimo cha kashata. Ukifika kwenye kitako chake, kashata itang'oka yote mara itakapokanyaga kona ya jiwe. Matairi yenye kashata kubwa na ngumu hufaidika sana. Mpira wa laini kabisa haufaidiki, unakuwa tepetepe na kuisha tu. Chanja matairi mawili ya ekseli moja kwanza, nenda nayo mwambani, ndipo uamue juu ya mengine.

Kwa tope kazi ni kinyume: ondoa. Udongo mweusi wa mfinyanzi hujaza mianya mpaka tairi linakuwa kipara. Kung'oa kashata moja kati ya mbili kwenye safu za pembeni, kwa koleo za kukatia zenye mdomo bapa, huipa tope njia ya kutokea. Tairi hilo litakuwa baya kidogo kwenye jiwe, na hakuna namna ya kulikwepa hilo.

Kuna desturi ya kuloweka matairi makuukuu kwenye mafuta ya taa au dizeli ili yalainike. Yanalainika kweli, kwa sababu mpira unanyonya mafuta na kuvimba. Mdomo hauingii tena vizuri kwenye mfereji wa rimu, na mpira hupoteza nguvu na kuchanika kirahisi. Sabuni na msasa hurudisha uhai zaidi ya hapo.

Dalili na chanzo

Gari likipanda na magurudumu ya mbele yakidunda kama mpira wa kitenesi, angalia tundu la kupumulia kwanza, halafu sponji iliyo ngumu mno mbele. Likipinduka kwenye mteremko wa ubavu ambao awali lilipita, tazama tairi la upande wa chini: kama ubavu umelala chini ya rimu, pete ya ndani ya sponji ni laini mno au rimu ni nyembamba kupita kiasi kwa tairi lile. Kama ubavu umesimama lakini gari limepinduka, tatizo ni uzito ulioko juu au upana, tairi halina kosa.

Gurudumu likiyumba, lifungue na kulizungusha peke yake kwenye ekseli bila tairi. Likiyumba bado, ni heksi, kipini au ekseli iliyopinda. Likitulia, ni mdomo wa tairi uliokaa vibaya au sponji iliyojikunja. Tairi likizunguka juu ya rimu ya bidiloki, weka alama ya kalamu nyeupe kwenye mpira na kwenye rimu, endesha, kisha tazama alama zimeachana kiasi gani. Mara nyingi skrubu zimelegea baada ya mpira kukaa, na kuzikaza tena baada ya betri ya kwanza ndiko kunakomaliza kazi. Kama zimekazwa na bado linahama, mdomo wa tairi ni mwembamba kwa mfereji ule: zungushia raba bendi nyembamba ndani ya mfereji kabla ya kufunga.

Gari likikaa wiki nyingi bila kazi, liweke juu ya kisimamio magurudumu yakining'inia, mbali na jua. Sponji iliyokandamizwa sehemu moja kwa muda mrefu kwenye joto hubaki na bapa, na mpira unaopigwa na jua hukakamaa na kupasuka kwanza kwenye shina la kashata, hasa zile zilizochanjwa.